Rodinal na ajali za makusudi: uchambuzi wa dawa ya kusafishia filamu

Karibuni tena wadau wa filamu. Chupa hii mnayoiona mezani ni Rodinal, dawa ya kusafishia filamu za nyeusi na nyeupe. Agfa ya Ujerumani iliipatia hataza mwaka 1891, na mpaka leo inauzwa. Hii yangu ni ya Adox. Ukikutana na R09 au Adonal, ni ukoo huo huo. Leo naipima kwa jambo moja tu: inafaa kiasi gani ukitaka kurudia kwa makusudi zile kasoro zinazotokea kwa bahati, halafu picha ikatoka tamu kuliko ulivyopanga?

Kisa maarufu ni cha Paris, 1929. Mpiga picha Lee Miller alisimulia kwamba akiwa kwenye chumba cha giza cha msanii na mpiga picha Man Ray, kitu kilimpita mguuni, akashtuka, akawasha taa huku negativu zimo kwenye dawa. Sehemu za nyuma ambazo hazijaiva zikapokea mwanga, ukabaki mstari ukingoni mwa mwili kana kwamba umechorwa kwa kalamu. Wanasayansi walishalijua jambo hilo tangu karne ya 19, lakini hawa wawili walikaa chini wakalifanyia kazi mpaka likawatii. Na hiyo ndiyo kazi yenyewe jamani: kuijua sababu, kisha kuishika.

Sasa Rodinal. Mililita 5 za dawa, mililita 500 za maji, yaani moja kwa mia. Jazeni tanki, tikiseni taratibu sekunde 30 za mwanzo, kisha liacheni limetulia saa nzima. Hapo ndipo mambo yanapoanza. Kwenye mwanga mwingi, mfano mawingu, dawa huchoka haraka. Kwenye kivuli bado ina nguvu. Pale zinapopakana, dawa mbichi husogea upande ulioiva na ukingo unakolea. Angalieni hii negativu nikiisogeza kwenye kamera: hapo paa la bati linapokutana na anga, mnaona kauzi kembamba? Hakuna programu iliyofanya hivyo.

Ila kuna mgeni anayekuja bila kualikwa. Filamu ikiiva hutoa bromidi, na bromidi huzuia dawa isifanye kazi. Kwa vile tanki halitikiswi, hushuka polepole na kuacha michirizi, hasa kwenye mstari wa matundu ya pembeni. Filamu ndani ya tanki imesimama kwa ubavu, kwa hiyo michirizi hukatiza picha kutoka tundu kuelekea upande wa pili. Ukiitaka, usiguse tanki kabisa na piga picha zenye anga tupu, itaonekana waziwazi. Huitaki? Pindua tanki mara moja au mbili ikifika nusu saa, itapungua sana. Hapo ndipo naipa Rodinal alama kubwa: ajali ina kitasa, unaifungua na kuifunga.

Kwa Dar na Mombasa, chungeni joto. Vipimo vinasema nyuzi 20, maji ya bomba huku kwetu ni ya moto kuliko hapo. Pozeni kwa barafu kwenye beseni la nje, si ndani ya dawa, na tanki likae humo saa yote.

Kuna wanaouliza kuhusu ule mpasuko wa utando, yaani lile tabaka la filamu linaloshika picha, picha ikawa kama tope lililokauka. Hapo Rodinal haihusiki. Ni maji ya moto karibu nyuzi 60 yenye magadi soda, kisha barafu ghafla, baada ya fiksa (dawa ya kuimarisha picha isiharibiwe na mwanga). Filamu nyingi za kisasa utando wake umekazwa kiwandani, hazikubali kirahisi. Jaribuni kwa kipande msichokipenda, maana utando unaweza kuteleza wote ukabaki na plastiki.

Ubaya wa Rodinal? Chembe, yaani vile vipunje vinavyounda picha. Rodinal haizilainishi, na filamu ya kasi ya ISO 400 kwenye milimita 35 itatoka na mchanga usoni kwa bibi harusi. Pia hupunguza kidogo kasi ya filamu, yaani wepesi wake wa kupokea mwanga, hivyo vivuli vipewe mwanga zaidi. Na ni kali, vaeni glavu.

Lakini chupa ya mililita 500 inakupa rolu 100 kwa kipimo hiki, na hata ikigeuka rangi ya kahawa iliyokolea bado inafanya kazi. Kwa filamu ya 100 na mtu mwenye subira, nunua. Kwa kazi za harusi, chukua dawa nyingine.