Google Maps bila bando: inamfaa mgeni wa jiji?

Kwa mgeni ambaye bado hana laini ya simu ya nchi aliyofikia, ramani hii inastahili kuandaliwa kabla ya safari. Ukiwa kwenye waifai, fungua programu, gusa picha ya akaunti yako, ingia kwenye ramani za nje ya mtandao, uchague ramani yako mwenyewe. Panua fremu hadi ijumuishe uwanja wa ndege, mahali utakapolala na katikati ya jiji, kisha pakua. Jiji kubwa hula nafasi, kwa hiyo futa video zisizo na kazi kwanza.

Kitone cha buluu kinachoonyesha ulipo hufanya kazi hata bila intaneti, kwa sababu simu hupokea mawimbi ya setilaiti moja kwa moja. Shida huja kati ya maghorofa marefu: mawimbi hugonga kuta na kudunda, kitone kikarukia barabara ya pili. Hapo usiifuate simu. Soma jina la mtaa ukutani au kwenye nguzo. Mwelekeo ukikosewa, zungusha simu hewani kwa umbo la nane.

Kasoro kubwa ni kwamba bila mtandao inaelekeza magari tu. Njia za miguu, mabasi na treni hazipo, na hizo ndizo mgeni anazozihitaji zaidi wiki za mwanzo! Ongeza Organic Maps, programu ya bure inayotumia data za OpenStreetMap, ramani huria inayochorwa na watu wa kujitolea. Humwelekeza mtembea kwa miguu bila intaneti. Ratiba za treni zipige picha ya skrini kabla ya kutoka.