Sabasaba kama siku ya manunuzi: tathmini ya aliyekwenda mara mbili

Kila mwaka ifikapo mwisho wa Novemba, maduka ya simu na nguo jijini Dar es Salaam hubandika matangazo ya Black Friday, siku ya mapunguzo iliyotoka Marekani, na kila mwaka hatukosi mtu katika familia yetu wa kuuliza kama hiyo nayo siku hizi ni sikukuu. Swali hilo ndilo lililonipeleka mwaka 2025 kwenye Maonesho ya Biashara ya Kimataifa ya Dar es Salaam, ambayo wengi wetu tunayaita Sabasaba tu, nikiwa na daftari mfukoni. Siku yenyewe ya Sabasaba, tarehe 7 Julai, ni mapumziko ya taifa yanayotambuliwa na serikali, lakini mtu akiuliza watu wanakwenda kufanya nini siku hiyo kule Barabara ya Kilwa, ataambiwa wanakwenda kwenye mabanda ya wauzaji. Nilikwenda mara mbili: Jumatano ya tarehe 2 Julai nilikuwa peke yangu, nikitafuta bei, Jumatatu ya tarehe 7 nilikuwa na mke wangu, watoto, na shangazi yangu aliyetoka Morogoro, tukitafuta sikukuu.

Nianze na bei, kwa kuwa ndiyo inayotangazwa zaidi. Wiki moja kabla ya maonesho nilizunguka Kariakoo nikaandika bei za vitu vitatu vilivyohitajika nyumbani, yaani blenda, seti ya sufuria na mapazia ya sebuleni. Katika banda moja nilikuta blenda yenye kibandiko kinachoonesha shilingi 150,000 zilizokatwa kwa kalamu nyekundu, na chini yake shilingi 95,000, ikielezwa kuwa hiyo ndiyo bei ya Sabasaba. Kariakoo, blenda ya chapa hiyohiyo na toleo lilelile nilikuwa nimetajiwa 85,000 kabla hata sijafungua mdomo kuomba nipunguziwe. Nilipomweleza muuzaji alicheka, akaniambia, "Kaka, hiyo ni ya Kariakoo, hapa tuko maonesho." Sikuona sababu ya kugombana naye, kwa maana hakuna aliyenilazimisha kununua. Hata hivyo, punguzo ni tofauti kati ya bei mbili, na pale zote mbili zilikuwa zimeandikwa na mtu mmoja, kwa kalamu moja, pengine asubuhi ileile.

Sufuria zilinipa jibu tofauti. Aliyeziuza ndiye aliyeziagiza kutoka nje, na kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kati, nilizipata kwa shilingi 10,000 pungufu ya bei ya Kariakoo. Mapazia yalikuwa bei ileile.

Thamani halisi ya maonesho haya niliikuta mahali ambapo hapakuwa na punguzo lolote. Katika mabanda ya wajasiriamali wadogo nilizungumza kwa karibu nusu saa na mama mmoja wa Zanzibar anayetengeneza sabuni ya mwani, ambaye alinieleza namna mwani unavyoanikwa na kusagwa kabla ya kuchanganywa na mafuta, na kwa nini sabuni yake haitoi povu jingi kama zile za viwandani. Nilinunua vipande vinne kwa bei aliyoitaja bila kumwomba apunguze hata kidogo. Fanicha za Jeshi la Magereza nazo zilikuwa na watu wake, wakigonga mbao kwa vidole na kufungua na kufunga droo kana kwamba wanakagua nyumba ya mkwe. Asali, viungo na batiki ni vitu ambavyo ningeweza kuvipata mjini, lakini nisingempata mtengenezaji wake akiwa amesimama mbele yangu, tayari kuulizwa.

Tarehe 7 mambo yalikuwa mengine kabisa. Msongamano ulikuwa mkubwa kiasi kwamba kununua kitu kizito kungekuwa adhabu, na anayetaka manunuzi ya utulivu namshauri aende siku nyingine ya wiki, asubuhi. Sisi tulitembea, tukala, watoto wakapanda magurudumu ya kuzunguka hadi pesa ya mwisho, na shangazi akakagua karibu kila banda bila kununua chochote isipokuwa maji ya kunywa. Yeye bado anaikumbuka Sabasaba kuwa siku ya chama, na kumbukumbu yake ina msingi: TANU, chama kilichoongoza Tanganyika kupata uhuru, ilizaliwa tarehe 7 Julai 1954, miaka mingi kabla maonesho haya hayajawa na banda hata moja. Chama hicho kiliungana na ASP ya Zanzibar mwaka 1977 kuunda CCM, vyama vingi vikarejea mwaka 1992, na siku ile ikabaki kwenye kalenda huku wafanyabiashara wakichukua nafasi ya wanachama.

Wamarekani wamewahi kupita njia inayofanana na hii. Mwaka 1939 Rais Franklin Roosevelt aliiwahisha sikukuu yao ya Shukrani kwa wiki moja ili wenye maduka wapate siku zaidi za mauzo kabla ya Krismasi, jambo lililozua ubishi hadi Bunge lao lilipoiweka kisheria, mwaka 1941, kuwa Alhamisi ya nne ya Novemba. Black Friday ni kesho yake, na jina hilo lilienezwa na polisi wa Philadelphia waliochoshwa na foleni za magari na umati wa wanunuzi. Kwa hiyo kule kwao ina sikukuu ya kuegemea, wakati huku kwetu imefika bila Alhamisi yake. Tarehe 11 Novemba ya Wachina, ambayo kampuni ya Alibaba iligeuza kuwa siku ya mauzo kuanzia mwaka 2009, angalau ilianza na wanafunzi waliokuwa wakitaniana kuhusu useja wao.

Kipimo changu kimetokana na shangazi. Alirudi Morogoro mikono mitupu, na majirani waliokuja kumpokea walimuuliza ameona nini, naye akasimulia hadi usiku. Asiyenunua kitu Black Friday hana cha kusimulia, kwa kuwa siku hiyo haikumwandalia chochote zaidi ya bei. Ndiyo maana Sabasaba naikubali kuwa sikukuu pamoja na vibandiko vyake vyote, nikiipa alama nzuri kwa matembezi na kwa mazungumzo na watengenezaji, na alama ya chini kwa vyombo vya umeme.

Blenda niliinunua Kariakoo Jumatatu ya tarehe 14 Julai, maonesho yakiwa yamefungwa tangu jana yake, kwa shilingi 82,000.