Televisheni ndogo ya kwa Babu: kibanda umiza cha Chang'ombe, kwa sisi wa Dodoma Jiji

Nianze na bei, maana najua ndiyo mnayoitafuta. Kuingia kwenye kibanda hiki cha kuangalizia mpira ni shilingi 500, ila Simba akicheza na Yanga inakuwa 1,000. Mtoto wa kupakatwa halipiwi. Mlangoni anakaa kijana mwenye mkoba wa kiunoni, na kijana yule sijawahi kumkuta na chenji, kwa hiyo nenda na jero yako mkononi.

Kibanda kiko Chang'ombe, ya hapa Dodoma (wa Dar msichanganye na ya kwenu). Mabati juu, mabati ubavuni, chini simenti inayomwagiwa maji kabla ya mechi ili vumbi litulie. Bango la jina hakina. Watu wanasema "kwa Babu", na bodaboda wote wanapajua.

Mimi ni fundi cherehani, nashona sokoni Majengo, na timu yangu ni Dodoma Jiji. Nairudia sentensi hiyo mara nyingi kwa sababu watu huwa hawaisikii. Juzi mteja kaja kuchukua gauni, akaona jezi imetundikwa juu ya mashine. "Dada, wewe Simba au Yanga?" Nikamwambia mimi Dodoma Jiji. "Ndiyo, nimeelewa, lakini Simba au Yanga?"

Sasa mtu wa namna yangu anaangalia wapi mechi za ugenini? Za nyumbani hazina shida, naenda Uwanja wa Jamhuri, jukwaa la mzunguko, namaliza. Lakini timu ikienda Sokoine Mbeya, au Mkwakwani Tanga, lazima utafute runinga. Nyumbani king'amuzi tunacho, kifurushi ndicho kinachokuja na kuondoka. Nimezunguka vibanda vya Majengo, Makole mpaka Nkuhungu. Kote ubao wa nje umeandikwa kwa chaki Arsenal, Man United, Simba, Yanga, Real Madrid. Kimoja nilimwuliza mwenyewe kama ataonyesha mechi yetu na Tanzania Prisons. Alicheka. Alidhani namtania.

Babu hakucheka. Ana runinga mbili. Kubwa iko mbele, imefungwa juu kwenye mbao, inakula mechi za Ulaya na za Simba na Yanga. Ndogo iko pembeni kulia, karibu na dirisha, juu ya kreti mbili za soda, na ina king'amuzi chake. Siku Walima Zabibu, yaani Dodoma Jiji, wakicheza, runinga ndogo ni yetu. Hakuna anayeruhusiwa kuigusa hata tukiwa watatu, na mara nyingi tunakuwa saba au nane. Kuna askari mstaafu, kuna mama wa maandazi na mwanawe, kuna vijana wawili wa chuo waliozaliwa Kondoa, na mzee mmoja wa Mvumi anayeingia na "mbukwenyi" yake, salamu ya Kigogo, anaitikiwa na nusu ya chumba. Rimoti inakaa ndani ya mfuko wa nailoni, mfukoni mwa Babu mwenyewe.

Tatizo ni sauti. Spika ni moja, na ni ya runinga kubwa. Mechi zetu nyingi zinaanza saa kumi alasiri. Kipindi cha kwanza kinakwenda kwa amani, mtangazaji ni wetu, mnasikia mpaka majina. Ikifika saa kumi na moja siku ya Jumamosi, Uingereza nao wanaanza, Babu anahamisha waya, na sisi tunaingia kipindi cha pili tukiwa mabubu. Mbele yako kipa wa Dodoma anapiga mpira mrefu, masikioni mtu anapiga kelele juu ya Saka wa Arsenal. Watu arobaini wanaruka nyuma yako, "goooli!", na wewe moyo unakulipuka, unaangalia, kumbe kwako ni mpira wa kurusha tu. Ukiwa na presha mahali hapa hapakufai. Nimemwambia Babu anunue spika ndogo ya pili, akasema tuchangishane. Tumechangishana, imefika elfu kumi na nne, askari ndiye anayezitunza.

Viti. Mbele kuna viti vya plastiki, pembeni kwetu ni mabenchi, ukiacha viti vya dirishani, na benchi la pili kutoka ukutani lina msumari. Kitenge changu kipya kilichanika hapo, mchaniko wa kona, ambao hata fundi haufichi vizuri. Nilirudi wiki iliyofuata na nyundo yangu. Joto nalo ni la mabati, hasa Oktoba na Novemba kabla mvua hazijaja. Feni ipo na inazunguka, lakini upepo wake unaishia kwa wenye viti vya plastiki. Umeme ukikatika jenereta inawaka baada ya dakika tatu hivi, na Babu huanza kuchomeka runinga kubwa. Hapo simlaumu sana, watu arobaini na watu nane si sawa.

Kwa wanawake: nenda bila wasiwasi. Matusi yapo lakini Babu anatoza faini, mia mbili kila tusi, na nimeona akimtoa mtu nje mechi ikiwa dakika ya themanini. Choo ni cha nyumba ya jirani, kisafi, unaomba ufunguo kwa bibi mwenye nyumba. Ninalomdai ni jingine. Tuna Fountain Gate Princess hapa hapa Dodoma, wasichana wanacheza Ligi Kuu ya Wanawake, na mechi zao sijaziona hata siku moja kwenye ile runinga ndogo. Anasema hakuna atakayekuja. Na sisi alituambia hivyo hivyo mwanzoni.

Chakula ni cha mlangoni. Chipsi mayai za kawaida, mishkaki ya mbuzi mizuri sana ukiwahi kabla ya mapumziko, na msimu wa zabibu kuna mtoto anapita na vifuko vya mia tano. Nunua za kwake, anaziosha.

Mume wangu ni wa Manyoni, kwa hiyo Singida, na huwa ananisindikiza ili aje kunicheka. Namwachia, kwa sababu hana pa kusimama. Singida United iliingia Ligi Kuu msimu wa 2017/18, msimu huohuo ikafika fainali ya Kombe la Shirikisho la hapa nchini, ikafungwa na Mtibwa Sugar 3-2 kule Arusha. Mwaka 2020 ikashuka. Ikaja Singida Big Stars, ikawa Singida Fountain Gate, kisha ikahamia Babati, ikaacha na jina la Singida. Halafu Ihefu ikatoka Mbarali, Mbeya, ikawa Singida Black Stars. Mwenyewe anasema timu za kwao zinahama kama ng'ombe wa kiangazi, na kila ikihama moja anabaki na jezi. Anazo tatu kabatini. Sisi tulipanda mwaka 2020 pamoja na Gwambina na hao hao Ihefu. Gwambina ilishuka msimu uliofuata, Ihefu imebadilika jina na mkoa. Dodoma Jiji imekaa misimu mitano mpaka 2024/25 bila kushuka, mahali palepale, jina lilelile. Ubingwa hatujauona, najua. Lakini mimi nina jezi za timu moja.

Mtu atauliza, kwa nini nisisubiri za nyumbani tu, Jamhuri si ipo? Ipo, naipenda. Ila njoo siku ya Yanga. Tangu serikali ianze kuhamia hapa mwaka 2016, mji umejaa watu wa wizarani, wateja wangu hao, nawashonea suti na wananilipa vizuri, na kila mmoja amekuja na timu yake kwenye begi. Siku hizi kuna na treni ya SGR, tangu 2024, basi na wa Dar wanashuka asubuhi. Mzunguko wote njano na kijani. Tulipata kona, nikasimama kupiga vigelegele, nikageuka kutafuta mwenzangu wa kuitikia. Mama mmoja wa kijani akaniambia kwa upole kabisa, "Kaa dada, unatukinga." Hapo ni kwetu.

Ndiyo maana ile runinga ya kwenye kreti za soda naipa alama kubwa kuliko inavyostahili. Na kuna siku moja nyingine. Februari 2025 basi la timu lilipata ajali Kilwa, wakirudi kutoka Ruangwa kucheza na Namungo. Nilipata habari kwenye simu nikiwa kazini, nikafunga mashine, nikaenda kwa Babu bila hata kujua kwa nini, maana hakukuwa na mechi yetu. Nikamkuta askari na mzee wa Mvumi wameshafika. Saa mbili usiku Babu akahamisha waya wa spika, akaweka taarifa ya habari kwenye runinga ndogo, sauti yetu. Wenye viti vya plastiki wakaanza kunung'unika, mmoja akadai jero yake. Babu akamrudishia. Ilikuwa mara ya kwanza kuona chenji pale.

Basi, nyota tatu na nusu kati ya tano. Nusu nimekata kwa msumari na moja kwa spika, ambayo nitairudisha tukifikisha elfu thelathini. Ukija siku tunacheza ugenini, fika saa tisa na nusu, pinda kulia ukishaingia. Kiti cha kwanza dirishani ni cha mzee wa Mvumi. Cha pili kinaonekana kizima lakini mguu mmoja umefungwa kwa waya, usiegemee.