House of Whispers: katuni ya lwa wa Haiti, shangazi kaielewa kuliko mimi

Nimemaliza juzuu zote 3 wiki iliyopita na bado zinanizunguka kichwani, acha niandike kabla sijasahau. Niseme tu mapema mi sio mtu wa masupahiroo, wale wa kuvaa chupi juu ya suruali walishanichosha kitambo, hizi nilizitafuta sababu ya mwandishi wake, Nalo Hopkinson, mzaliwa wa Kingston, Jamaika. Michoro ni ya Dominike Stanton.

Kuzipata sasa ndio balaa. Duka moja la mtandaoni lilinitumia juzuu la 1 mara mbili, ukiwaandikia wanakujibu asante kwa kuwasiliana nasi, halafu kimya. La 2 likaja kwenye begi la binamu, la 3 nikaona isiwe tabu nikanunua la kusoma kwenye simu.

Kisa kiko hivi. Erzulie Fréda ni lwa, yaani pepo, wa mapenzi na urembo kwenye Vodou, dini ya Haiti, ana boti lake kubwa ambalo ndio nyumba, linaitwa Nyumba ya Dahomey (Dahomey ndio ule ufalme wa zamani ambao leo uko ndani ya Benin, watu wengi waliouzwa utumwani wakapelekwa Haiti walitokea pande zile na pepo wao wakaenda nao). Waumini wake wakilala, roho zao zinaenda kule botini, muziki unalia, samaki wanakaangwa, na kila mtu na shida yake, huyu mume, yule pesa. Huku duniani, New Orleans, wasichana wanne wanafungua kitabu kilichojaa minong'ono, na minong'ono ile inageuka ugonjwa, ukikupata unaamini kabisa kwamba ulishakufa, unatembea na kuongea lakini ukiulizwa unasema mimi marehemu. Nyuma ya mambo haya yupo Shakpana, ambaye kwa Wayoruba ndiye mwenye ndui. Katika vurugu hiyo boti la Erzulie linang'olewa na kutupwa kwenye nchi ya ndoto ya Sandman, yule bwana wa ndoto wa katuni nyingine yenye jina lake, ambako hana waumini wala anayemjua. Na hii ilianza kutoka 2018, kabla ya korona, mi nimeisoma leo na mwili ukanisisimka.

Ila kilichonishika zaidi ni kingine. Bibi yangu mzaa baba, Tanga, alikuwa kiti. Waliokulia pwani wanajua nazungumzia nini, pepo akipanda sauti inabadilika, inaitisha marashi ya waridi, inaitisha udi na kanga mpya, na wale watu wazima wote wanamwamkia bibi kama mgeni aliyefika kutoka safari. Nyumbani kwetu hayo mambo hayakuzungumzwa, baba aliona aibu. Sasa Haiti wao anayepandwa wanamwita farasi, sisi tunamwita kiti, na huyo Erzulie naye ukimwandalia anataka manukato, vitu vitamu na vitambaa vizuri, na anavaa pete 3 za waume zake watatu, Damballa, Agwe na Ogou. Bibi alikuwa na pete moja ya fedha ambayo haikuwa ya babu. Tulikatazwa kuuliza ya nani.

Shangazi alikuja kututembelea akalikuta juzuu la 1 juu ya meza, Kiingereza hasomi lakini akakaa nalo anafunua ukurasa mmoja mmoja miwani imemshuka puani.

"Huyu mwanamke pepo wa wapi?"

"Wa Haiti, shangazi."

"Huko kuna bahari?"

"Ipo, ni kisiwani."

"Ehee."

Basi, akaendelea kufunua. Nikamwambia mume wake mmoja, Agwe, ndiye mwenye bahari, akaniangalia kama nimemwambia jua linachomoza asubuhi.

Yani ndio raha ya hizi katuni, pepo hajawekwa pale kutisha watu. Ana wivu, ana deni kwa watu wake, anachemka, anabembeleza. Na msaidizi wake Uncle Monday, yule mtu mamba, si wa kubuni tu, ni wa hadithi za watu weusi wa Florida, mganga aliyetoroka utumwa akajigeuza mamba ili wasimkamate. Juzuu la 2 anaingia Ananse, buibui mjanja wa Waashanti, Sungura wetu angekutana naye sijui nani angemuuza mwenzake.

Malalamiko ninayo. Wahusika wamejaa kama daladala ya saa kumi na mbili jioni, kama hujawahi kusoma Sandman kuna kurasa utabaki unashangaa huyu naye katokea wapi. Juzuu la 3 linakimbia sana, mambo yaliyohitaji kurasa 10 yanapewa 2. Na kwenye simu maandishi ni madogo mno, kila kiboksi unavuta kwa vidole, mpaka nikachoka nikaazima tableti ya jirani. Picha zimekolezwa rangi hasa, kwenye karatasi zinang'aa, kwa hiyo ukiweza nunua za karatasi.

Nyota 4 kati ya 5. Na wanaoniuliza kama naazimisha: juzuu la 1 shangazi kaondoka nalo Tanga. Ile nakala ya pili nilimpa aibebe, akasema hapana, anataka hii hii aliyoianza.