Keshi au Kadi Ukienda Nje: Ipi Inakutunzia Siri

Nilipokwenda kuomba mkopo wa kuongeza mtaji wa duka, hapa hapa Mwanza, ofisa aliniomba taarifa ya benki ya miezi sita. Nikampa. Akawa anapitisha kalamu mstari kwa mstari, kimya, mpaka katikati ya ukurasa wa tatu akasimama. "Pole sana dada," akasema. "Mgonjwa anaendeleaje?"

Nilinyamaza. Sikuwa nimemwambia mtu yeyote kwamba nilimpeleka mama mdogo India. Yeye mwenyewe alituomba jambo moja tu, kwamba habari za ugonjwa wake zisifike mtaani kwetu Kirumba kabla hajarudi. Lakini pale kwenye karatasi jina la hospitali lilikuwa wazi, na neno la Kiingereza la saratani ndani yake, pamoja na tarehe, mji na kiasi, mara saba. Yule ofisa hakuwa na nia mbaya, alinihurumia kweli. Ila shemeji yake hununua khanga dukani kwangu, na mji wetu ni huu huu.

Tangu siku hiyo, kila anayeniuliza abebe nini akisafiri namjibu kwa mambo matatu badala ya mawili. Watu wengi hupima makato na hatari ya wizi. Mimi nasema pima pia nani atakuja kuisoma safari yako. Na wasomaji wenyewe hawako mbali: ni ofisa mikopo, ni karani wa ubalozi anayetaka taarifa ya miezi mitatu au sita kabla ya kukupa viza, ni mume au mke, ni mbia wako wa biashara.

Kwanza ujue kadi inaandika nini. Ukilipa kwa mashine, benki yako inapata jina la biashara, mji, tarehe, saa na kiasi. Inapata pia namba ya tarakimu nne inayotaja aina ya biashara: 8062 ni hospitali, 5912 ni duka la dawa, 5813 ni baa, 7995 ni kamari. Kwa kawaida orodha ya ulichonunua haifiki benki, inabaki dukani. Lakini mtu akiona duka la dawa mara nne kwa wiki moja, hahitaji kuona risiti. Na mstari huo hausomwi na benki yako peke yake. Umepitia benki ya mwenye duka na mtandao wa kadi, Visa au Mastercard, na kila mmoja anabaki na nakala yake.

Sasa nipange, kuanzia ninayoipenda zaidi.

1. Keshi ya nchi uliyopo, iliyotolewa kwa kadi ya pembeni

Kadi ya pembeni ni kadi isiyogusa akaunti yako kuu. Inaweza kuwa ya kujaza pesa kabla ya safari, au kadi ya akaunti ya pili uliyoifungua kwa kazi hiyo tu. Unaijaza kiasi cha safari, unavuka, unatoa pesa kwenye ATM mara moja au mbili, halafu matumizi ya kila siku unalipa kwa noti. Karatasi itaonyesha kwamba ulitoa pesa Kampala siku ya Jumanne, basi. Ulikula wapi, ulimnunulia nani nini, ulipanda bodaboda kwenda wapi, hayo hayamo.

Naiweka juu kwa sababu inapunguza hatari mbili kwa pamoja. Hubebi kibunda cha wiki nzima tangu stendi ya Mwanza, na huachi nyayo kila unapogusa mfuko. Ukiibiwa kadi, mwizi anakuta salio la safari, mshahara wako uko kwingine.

Ukienda benki kuichukua, usiridhike na kipeperushi. Kaa na mhudumu umuulize: kutoa pesa ATM ya nje makato ni kiasi gani kila mara? Kiwango cha kubadilisha fedha kinapangwa na nani? Kikomo cha siku ni kipi? Naweza kuifunga na kuifungua mwenyewe kwenye programu ya simu? Na swali ambalo watu hulisahau: taarifa ya kadi hii inatoka peke yake, au inachanganywa na ya akaunti yangu nyingine? Kama inachanganywa, haikufai kwa kazi ninayoizungumzia hapa, hata makato yake yawe madogo kiasi gani.

Makato ya ATM hukatwa kwa kila unapotoa, kwa hiyo toa kiasi cha siku tatu nne kwa mkupuo, usiende kila asubuhi. Tumia mashine iliyo ndani ya benki, mchana. Iliyo nje gizani ndiyo rahisi kutegeshewa kifaa cha kunakili utepe mweusi wa kadi, na kamera ndogo juu ya vitufe. Ziba vitufe kwa mkono wa pili hata kama uko peke yako.

2. Kadi ya pembeni yenyewe, kwa malipo makubwa

Kuna mahali keshi haipiti, na ni vizuri ujue kabla hujafika. India ndiyo mfano nilioulipia kwa machozi. Tangu Aprili 2017 sheria yao ya kodi inamkataza mtu kupokea rupia 200,000 au zaidi kwa keshi kutoka kwa mtu mmoja kwa siku moja, na kukata malipo vipande vipande kwa jambo lile lile hakusaidii. Mlangoni nako, ukiingia na noti za kigeni zaidi ya dola 5,000 unatakiwa kuzitangaza forodhani. Kwa hiyo anayepanga kwenda kulipia upasuaji kwa bahasha la dola atafika dirishani na kuambiwa alete kadi au atume TT, yaani pesa za kuhamishwa kutoka benki hadi benki. Na TT nayo huandika jina la mpokeaji kwenye taarifa ya akaunti iliyotuma.

Mimi nilikuwa na kadi moja tu, ya akaunti ya duka. Kama ningekuwa nimefungua ya pembeni, mistari ile saba ingekaa kwenye karatasi yake yenyewe, kabatini kwangu, na mama mdogo angekuwa na siri yake.

Hoteli nazo zinafaa kadi hii. Nyingi huzuia kiasi cha dhamana kwenye kadi siku unapoingia, na kiasi hicho huchukua siku kadhaa kurudi baada ya kuondoka. Weka salio la ziada, usije ukakwama njiani na pesa ni zako. Keshi hotelini hailindi sana faragha, kwa sababu pasipoti yako imeshanakiliwa mapokezi. Kule India hoteli inatakiwa kuripoti kila mgeni wa kigeni kwa serikali ndani ya saa 24.

Angalia kioo cha mashine kabla hujabonyeza. Katika hoteli moja Kampala dada wa mapokezi alichomeka kadi yangu, mashine ikaleta mistari miwili: kiasi kwa shilingi ya Uganda na kiasi kwa shilingi ya Tanzania. Kabla sijasoma akabonyeza ya Tanzania, akaniambia, "Nimekuchagulia hela ya kwenu." Alidhani ananisaidia. Kumbe ukichagua hela ya kwenu, mwenye mashine ndiye anayepanga kiwango cha kubadilisha, na mara nyingi huwa kibaya kuliko cha mtandao wa kadi. Chagua fedha ya nchi uliyopo kila mara. Na kadi isiondoke machoni pako: kama mashine haifiki mezani, inuka uifuate.

3. Dola kutoka nyumbani

Wazee wetu wa biashara wanaziamini, nami siendi popote bila noti chache za akiba. Mashine zikikataa, mtandao ukianguka, dola inaongea. Lakini kuzifanya njia kuu, hapana.

Wengi hudhani keshi haina jina. Dukani kwa mbadilishaji wa halali hapa mjini utatoa kitambulisho na kupewa risiti yenye jina lako, kwa hiyo mwanzo wa safari ya dola hizo umeshaandikwa. Kinachobaki siri ni mwisho wake. Usijaribu kukwepa hilo kwa kununua uchochoroni, utauziwa noti bandia na hutakuwa na pa kulalamika.

Chagua noti kama unavyochagua sato sokoni. Ishike kwenye mwanga, geuza pande zote, kataa yenye muhuri, yenye mchoro wa kalamu, iliyochanika hata ncha. Za zamani, hasa zile zenye picha ndogo ya kichwa, Marekani haijawahi kuzifuta, lakini wabadilishaji wengi wa Afrika Mashariki huzikataa au kuzikata bei. Noti ya 100 safi hupata kiwango kizuri kuliko za 5 na 10, ingawa hizo ndogo zinafaa kwa teksi ya usiku.

Ukiwa na dola 10,000 au thamani yake, tangaza mpakani. Fomu ni ya dakika chache, na kupoteza mtaji mzima kwa kuogopa fomu ni huzuni niliyoiona kwa mfanyabiashara mwenzangu. Faragha ninayoitetea hapa haihusiani na kuificha serikali mambo ya sheria.

Halafu kuna Mutukula, mpakani na Uganda. Basi likisimama, vijana wanakuzunguka na vibunda na kikokotoo mkononi. Hapo siri yako kubwa ni ukubwa wa mfuko wako, na unaitoa mwenyewe ukifungua pochi mbele ya watu ishirini. Kabla basi halijafika, ukiwa kwenye kiti chako, tenga kiasi cha nauli na chakula, weka mfuko wa mbele wa koti au pindo la khanga. Badilisha hicho tu. Piga hesabu kwa simu yako wewe, usiangalie kikokotoo chake. Hesabu noti moja moja mpaka mwisho kabla hujaachia zako, na zikirudi mkononi mwake "azihakiki", anza kuhesabu upya. Sirari, mpakani na Kenya, ni hivyo hivyo.

4. Pesa ya simu

Kwa Kenya inasaidia sana. M-Pesa ya Tanzania na ya Kenya zimeunganishwa tangu 2015, na mtu wa Mwanza anayechukua mzigo soko la Gikomba, Nairobi, anaweza kulipa bila kubeba noti hata moja. Kwa muuzaji unayemjua miaka mingi, itumie.

Kwa mtu uliyekutana naye leo, sikushauri. Keshi haimpi mpokeaji chochote isipokuwa pesa. Pesa ya simu inaweza kumpa jina lako na namba yako, na namba hiyo ndiyo ile ile ya watoto wako, ya kikundi cha kanisani, ya kila kitu. Tena laini zetu zimesajiliwa kwa alama za vidole na namba ya kitambulisho cha taifa, NIDA, haziwezi kutupwa kama zamani. Dada mmoja jirani yangu dukani alilipa teksi hivyo, akapigiwa simu usiku kwa wiki tatu na mtu aliyeanza kwa kumwita kwa majina yake mawili.

Zile kadi za mtandaoni zinazotengenezwa ndani ya programu za pesa ya simu ni kitu kingine, na ni nzuri kwa kununua tiketi au kulipia chumba kwenye intaneti. Unaweka kiasi kinachotosha, unalipa, inabaki tupu.

5. Kadi ya mshahara au ya akaunti kuu

Iwe ya mwisho. Iache nyumbani, au ifunge malipo ya nje kwenye programu na uifiche chini ya begi kwa dharura ya kweli.

Kama ndiyo pekee uliyo nayo na safari ni kesho, itumie kutoa pesa ATM mara moja kisha uilaze. Na ukirudi mtu akikuomba taarifa ya benki, una haki ya kumuuliza anaihitaji kwa lengo gani. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inataka taarifa zako zitumike kwa lengo zilizokusanyiwa, na ipo Tume ya kupokea malalamiko. Mimi sikulalamika. Nilimwambia yule ofisa kwa upole kwamba mgonjwa si sehemu ya mkopo, akaomba radhi.

Mgawanyo wangu wa safari ya wiki moja Kampala

Kadi ya pembeni yenye hoteli, dhamana yake na pesa ya kutoa mara mbili. Dola 200 kwa noti mbili safi, zimeshonewa ndani ya mfuko wa sketi. Shilingi za kubadilisha Mutukula, mfuko wa mbele. Kadi kuu iko Mwanza na mdogo wangu anajua ilipo. Tangu daraja la Kigongo–Busisi, juu ya Ziwa Victoria, lifunguliwe Juni 2025 hatusubiri tena kivuko pale, kwa hiyo hata ile keshi ya kula ng'ambo usiku kivuko kikichelewa nimeipunguza.

Nikirudi, shilingi za Uganda zilizobaki nazimaliza Mutukula kabla ya kupanda basi. Dola sizitumii dukani, maana tangu Machi 2025 kanuni zinakataza kulipana kwa fedha za kigeni ndani ya nchi. Narudi kwa mbadilishaji na risiti yangu. Halafu nafungua programu, nafunga malipo ya nje, nachapisha taarifa ya kadi ya pembeni na kuifungia kwenye droo ambayo ufunguo wake ni mmoja.