Unga wa kusafisha utumbo kabla ya kolonoskopi: nimeunywa mara mbili, hii ndo riviu yangu

Nyota 4 kati ya 5, na hiyo moja naipunguza kwa sababu ya ladha tu, kwenye kazi yake sina neno. Naongelea ule unga wa PEG, kirefu chake polyethylene glycol, unaopewa wa kusafisha tumbo kabla hujaingiziwa kamera ya utumbo mpana, ile kolonoskopi. Mimi nimeunywa mara mbili ndani ya miezi 3. Mara ya kwanza kipimo chote kiliharibika, mara ya pili daktari akasema huu sasa ndo utumbo wa kupima, na unga ulikuwa ni ule ule, kilichobadilika ni namna nilivyounywa na nilichokula siku za nyuma yake. Ndo maana nimekaa chini niandike yote, mtanivumilia ni ndefu.

Kwanza kwa nini mimi. Baba yetu alifariki kwa saratani ya utumbo mpana. Aligundulika ana miaka 58, na kabla ya hapo alikuwa anaona damu chooni karibu miaka miwili, na kila mtu nyumbani anasema bawasiri hiyo, tukamletea mizizi, tukamletea unga wa kuchanganya na uji, kila tiba ya bawasiri tuliyoisikia Dar tukajaribu, kumbe uvimbe unakua humo ndani. Daktari wake ndo alituambia sisi watoto kwamba ukiwa na mzazi au ndugu wa tumbo moja aliyepata hii saratani usisubiri dalili, anza kupima ukifika miaka 40, au miaka 10 kabla ya umri aliogundulika mgonjwa, chochote kinachotangulia. Mi nilikuwa nimeshafika 46. Miaka yote hiyo niliogopa, na sio kamera niliyokuwa naogopa, ni majibu.

Basi mara ya kwanza nikapewa pakiti mbili, kila moja ya kuchanganya na maji lita 2, jumla lita 4, na karatasi ya fotokopi ya Kiingereza. Maelezo nilipewa dakika mbili dirishani huku foleni iko nyuma yangu, na mahali penyewe sipataji maana nia yangu sio kumsema mtu. Karatasi inasema siku moja kabla usile kitu, kunywa vinywaji ang'avu tu. Mi nikaelewa ni vinywaji visafi, vilivyochemshwa. Nikanywa maziwa! Nikanywa na juisi ya embe niliyotengeneza mwenyewe nikaona ndo afya. Na juzi yake nilikuwa nimekula mapera na mchicha wa nazi, hakuna aliyeniambia mbegu zinakaa humo ndani siku kadhaa.

Halafu ule unga niliagizwa niumalize wote jioni. Nikaanza saa 12 jioni, kufika lita mbili na nusu hivi tumbo limejaa mpaka kifuani, nikatapika, nikasema yaliyoingia yanatosha maana chooni nilikuwa nimeshaenda kama mara 8. Nikalala. Kesho yake saa 5 asubuhi nikaingia, nikachomwa dawa ya usingizi, nikaamka naambiwa mama itabidi urudie. Daktari akanionyesha picha zilizoprintiwa. Upande wa kushoto pamesafika kidogo, ila upande wa kulia, kule utumbo mpana unakoanzia karibu na kidole tumbo, pamepakwa ute wa njano mzito kama uji wa mahindi, na kwenye kunjo moja mbegu za mapera zimejipanga, unazihesabu. Nilizitazama zile mbegu nikalia palepale kitandani. Hela imeenda, njaa nimeshinda nayo, siku ya kazi nimeomba ruhusa, na kile nilichokifuata sijakijua.

Kuna alama wanazotoa za usafi, zinaitwa alama za Boston, utumbo unagawanywa sehemu 3 na kila sehemu inapewa kuanzia 0 mpaka 3, kwa hiyo 9 ndo msafi kabisa, na kila sehemu inatakiwa ipate angalau 2. Mi nilipata 4 jumla. Kulia 1, katikati 1, kushoto 2.

Mara ya pili nilikwenda kwingine na huko ndo nilielimishwa. Na hili ndo jambo kubwa kuliko yote kwenye riviu hii: msinywe yote jioni, gaweni mara mbili, nusu jioni na nusu alfajiri ya siku ya kipimo. Yule mfamasia kijana alinieleza vizuri sana, akasema mama, ukimaliza yote jioni ukalala, usiku mzima utumbo mwembamba unaendelea kumwaga nyongo na majimaji yake, yanaingia kwenye utumbo mpana kwa upande wa kulia na kupaka kuta upya, ndo huo ute uliouona kwenye picha. Dozi ya alfajiri ndo inaosha huo wa usiku. Na upande wa kulia ndo kunakuwa na vinyama bapa, yaani vivimbe vidogo vinavyoota kwenye ukuta wa utumbo, ambavyo hata pakiwa pasafi ni vigumu kuviona, sembuse pamepakwa uji. Nikaelewa pale pale. Kama miadi yako ni ya asubuhi na umeambiwa umalize yote jioni, uliza kama unaweza kugawa, ni haki yako kuuliza.

Nilivyofanya sasa. Siku 3 kabla nikaacha vyote vyenye mbegu, maganda na nyuzi: maharage, mchicha, kisamvu, dona, karanga, mapera, pesheni, nyanya zenye mbegu. Nikala wali mweupe, mkate mweupe, mayai, samaki wa kuchemsha, viazi vilivyomenywa. Siku moja kabla ni vinywaji tu, na namna ya kujua kipi kinafaa ni rahisi, mimina kwenye glasi, weka maandishi nyuma yake, ukiyasoma kinafaa. Maji, chai ya rangi, soda nyeupe, maji ya dafu yaliyochujwa, juisi ya epo ile isiyo na mawingu, supu ya kuku iliyochujwa kwenye kitambaa mpaka isibaki hata kipande. Maziwa hapana, uji hapana, na chochote chekundu au cha zambarau hapana, maana kwenye kamera kinaweza kudhaniwa damu. Hiyo supu ndo iliniokoa, mchana kichwa kilianza kuniuma kwa njaa, nikanywa bakuli moja yenye chumvi na tangawizi kichwa kikatulia.

Kuchanganya: pima maji kweli, usikadirie kwa macho. Mi nilitumia chupa ya lita moja mara mbili. Unga unayeyuka haraka zaidi kwenye maji ya uvuguvugu (yaliyochemka, yakapoa), halafu unaweka jagi kwenye friji. Sukari usitie. Ladha, kwakweli, ni chumvichumvi na ina utelezi, fikiria maji ya bahari yaliyochanganywa na maji ya bamia, halafu juu yake kuna harufu ya limao ya kiwandani. Ikiwa ya moto haipiti, ikiwa baridi inapita. Nilikata ndimu vipande, nikawa nanyonya kidogo kabla na baada ya kila glasi, na nilitumia mrija nikaupeleka nyuma ya ulimi. Glasi moja kila dakika 15 na unaimaliza kwa mkupuo, ukiinywa kidogo kidogo ndo unaisikia yote mdomoni. Glasi ya tano kichefuchefu kikaanza, mara hii sikulazimisha, nikasimama nusu saa, nikatembea uani, nikaendelea. Na jiandae kwa baridi, maji mengi ya friji yanaingia mwilini kwa mpigo, nilitetemeka mpaka nikajifunga kanga mbili na shuka, na joto la Dar lote hilo.

Choo cha kwanza kilikuja baada ya kama saa moja na robo. Kabla ya hapo tumbo linajaa na unaweza kudhani dawa imegoma, haijagoma, subiri tu. Huo unga hauingii mwilini, unashika maji ndani ya utumbo na kushuka nayo yote, ndo maana unywe lita zote. Chumvi zilizotiwa humo ni za kuzuia mwili usipoteze chumvi zake. Ikianza ni maji tupu, na hakuna maumivu ya kusokota kama ya tumbo la kuendesha la kawaida, mi sikuumwa kabisa.

Maandalizi ya chooni yanatakiwa uzito uleule wa dawa. Jaza ndoo na madumu mapema, kwetu mtaani maji yalikatika saa 4 usiku na nilikuwa katikati ya kazi, ningekuwa sina akiba sijui ingekuwaje. Paka mafuta ya mgando sehemu za nyuma KABLA hujaanza, usisubiri paanze kuwaka. Tawaza kwa maji, kausha kwa kitambaa laini kwa kugusagusa, karatasi za kusugua zinachubua. Choo chetu ni cha kuchuchumaa, huwezi kuona kilichotoka, na kuona ni lazima, kwa hiyo nilitumia beseni dogo jeupe na tochi ya simu. Inaanza kahawia, inakuja ya matope, inakuja ya machungwa, mwisho inakuwa ya njano ang'avu kama mkojo na unaona chini ya beseni. Mi niliona chini ya beseni saa 12 na dakika 20 asubuhi. Ukifika muda wa kuondoka na bado ni ya matope, waambie kabla hawajaanza, wasije kugundua wenyewe ukiwa umeshalala.

Lita 2 za alfajiri niliamka saa 10 kama mtu anayeamka kula daku, miadi ilikuwa saa 4 asubuhi, nikamaliza kabla ya saa 12. Wao waliniambia saa 2 za mwisho kabla ya kipimo kisiingie kitu mdomoni hata maji, kwa sababu ya dawa ya usingizi. Niliogopa safari, natoka mbali, ila ilipofika saa 1 na nusu tumbo lilikuwa limetulia. Nilivaa nepi ya watu wazima kwa tahadhari, sikuihitaji, lakini akili ilitulia na hilo lina thamani yake. Mdogo wangu wa kike alinisindikiza, na lazima uwe na mtu, ukishachomwa dawa ya usingizi huendeshi gari wala huondoki peke yako siku hiyo.

Sasa hili la dawa nawasihi mlichukulie kwa uzito. Vidonge vya madini chuma vinafanya kinyesi kiwe cheusi na king'ang'anie kwenye ukuta wa utumbo, niliambiwa niviache siku 7 kabla. Anayetumia dawa za kuyeyusha damu, dawa za kisukari, au mwenye figo au moyo mbovu, aongee na daktari kwanza, asijiamulie kuacha wala kuendelea. Na msinunue dawa yoyote ya kuharisha mkaifanya ndo mbadala. Zile za fosfeti za kunywa zinaweza kuharibu figo, mamlaka ya dawa ya Marekani ilishatoa onyo kali mwaka 2008. PEG ndo inaonekana salama zaidi kwa watu wengi wenye shida za figo, lakini bado uulize. Bei inatofautiana sana duka na duka, na famasi nyingine hawana kabisa, piga simu siku kadhaa kabla, usisubiri siku ya mwisho.

Majibu yangu: alama 8 kati ya 9, kulia 3. Na huko huko kulia, pale palipokuwa na uji na mbegu za mapera mara ya kwanza, palikuwa na kinyama cha milimita 8, bapa, rangi inafanana na ukuta. Kikakatwa palepale na kamera ileile, sikusikia kitu. Maabara wakasema ni adenoma, ile aina ambayo ikiachwa miaka mingi inaweza kugeuka saratani. Bado ilikuwa haijageuka. Daktari alipokuwa ananisomea nilimwomba arudie mara mbili. Baba hakupata hiyo nafasi na nilimkumbuka sana siku ile, njia nzima kurudi nyumbani mdogo wangu alinishika mkono hakuna aliyeongea.

Kurudi ni baada ya miaka 5, kwa sababu ya historia ya familia. Nitaunywa tena ule unga, na ndimu zangu.

Kaka yetu mkubwa ana miaka 51 na amekuwa akikataa tangu msiba. Juzi ameona zile picha mbili, ya mbegu na ya kinyama, nimempelekea mwenyewe kwake. Amepanga Alhamisi ijayo. Jagi, beseni na pakiti mbili nimeshamwachia, na saa 10 alfajiri nitampigia simu aamke.