Mifuko ya kinga njaa: bei nimeikubali, ila pima ukavu kwanza

Wakulima wenzangu wa Misungwi, Kwimba mpaka Magu, hii mifuko ya kinga njaa ya kuhifadhia nafaka, ile ya PICS, mi nimeikubali. Nilinunua 5,000 mmoja, wa kilo 100, watu wakisikia hiyo bei wanakunja uso maana kiroba cha kawaida ni hela ndogo tu, ila piga hesabu, mtu anahangaika na mbegu bora na mbolea anapata magunia ya mahindi ya kueleweka alafu dumuzi, yule mdudu anayetoboa mahindi, anayamalizia ndani, sasa umevuna nini? Ndo maana wengi wanawauzia walanguzi mapema kwa bei ya kutupa, ikifika Januari wanapanga foleni ya unga.

Ndani kuna nailoni mbili nzito, nje salfeti, dawa hamna kabisa. Unajaza, unakamua hewa, unasokota shingo ya nailoni ya kwanza, unaikunja unaibana na mpira wa baiskeli, ya pili hivyo hivyo, mwisho salfeti. Dumuzi aliyebaki humo anaimaliza hewa mwenyewe anakufa. Nilivyofungua punje zilikuwa nzima, harufu ya mahindi mapya, ule unga wa dumuzi chini hata kiganja haujazi. Na huyu mdudu sio wa mchezo jamani, kaingia nchini kupitia Tabora kwenye miaka ya 1970 mwishoni, kwao Amerika ya Kati huko.

Sasa msije mkaweka mahindi mabichi, hasa ya vuli yanayovunwa mvua zikinyesha, humo yanaota ukungu na sumukuvu juu, yaani sumu inayotokana na huo ukungu. Chukua chupa ya soda iliyokauka, tia mahindi kidogo na chumvi kavu, tikisa, subiri kama dakika 15, chumvi ikiganda kwenye kioo bado mabichi, rudisha turubaini.

Duka moja mjini waliniuzia wenye nailoni moja tu, nikawarudishia na maneno yao, kwa hiyo fungua uhesabu kabla hujalipa. Na panya hauzuii, weka juu ya chaga mbali na ukuta, tundu hata la sindano linaingiza hewa, wangu mmoja ulitobolewa saivi unakaa michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa. Msimu huu naongeza mingine ya choroko, maana hata hii mifuko yenyewe ilibuniwa kwa ajili ya kunde huko Kameruni.